Pampu Mpya, Injini Haishikiki: Kutafuta Chanzo

Umefunga pampu mpya ya dizeli, umetoa hewa kwenye mabomba, umepiga stata au hendeli. Injini inashika bila taabu, lakini badala ya kutulia kwenye sailensi (mwendo wa chini, bila resi) inaanza kupanda. Unarudisha resi, haisikii. Unazima swichi, inaendelea. Moshi unafunga banda zima na kila aliyekuwa amesimama pale ameshatoka nje.

Inawapata wenye mashine za kusaga za Magu na Misungwi huku Mwanza, wenye boti za mizigo zinazoshusha Mwaloni Kirumba, na wenye Canter za dagaa. Injini zao hazifanani, pampu hazifanani, ila maswali ya kutafuta chanzo ni yale yale. Wengi huanza kwa kulaumu pampu: inafunguliwa, inarudishwa dukani, mnagombana na mwenye duka nusu siku. Mara nyingi pampu yenyewe ni nzima. Kosa liko pale inaposhikana na gavana, kifaa kinachozuia mwendo usizidi kwa kupunguza dizeli, sehemu ambayo ukishafunga huioni tena.

Kwanza izime

Injini ya petroli inaongozwa kwa hewa; ukifunga njia ya hewa inapungua. Ya dizeli, kwa sehemu kubwa, inavuta hewa yote inayoweza kuvuta, na mwendo wake unatokana na kiasi cha dizeli inachopewa. Gavana ndiye anayesema basi. Gavana akikosa kauli, injini inapanda mpaka kitu kivunjike.

Kwa hiyo njia ya uhakika ni kukata hewa, kwa sababu inafanya kazi hata kama kinachoungua siyo dizeli. Tumia ubao mnene na bapa, mkubwa kuliko mdomo wa bomba la hewa. Usitumie kiganja, mvuto wa injini iliyokimbia unaumiza. Kitambaa chepesi nacho kinamezwa, kisha unakikuta kwenye turbo au chini ya valvu. Kizimamoto cha gesi ya kaboni dayoksaidi kikielekezwa kwenye mdomo wa hewa kinaizima bila kuacha uchafu ndani.

Kwenye injini ya silinda moja unaweza pia kulegeza kwa spana nati ya bomba la shinikizo linalotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozo inayonyunyiza dizeli ndani ya silinda. Funika nati kwa gunia au nguo nzito na uweke uso mbali. Dizeli ya shinikizo inapenya ngozi. Kidonda chake kinaonekana kidogo kama cha sindano lakini ni cha kwenda hospitali saa ile ile, si cha kusubiri kesho. Kufunga koki ya tangi fanya, ila usikae ukisubiri matokeo: dizeli iliyobaki kwenye filta na mabomba inatosha kuiendesha kwa muda wa kuiharibu.

Mambo mawili ya kutofanya. Usitoe mkanda wa kinu ukidhani unaipunguzia injini taabu. Mzigo ule ndio unaoishikilia, ukiutoa inapaa. Na usisimame usawa wa flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Chuma cha kumwaga kikipasuka kinaruka kwa mstari wa mzunguko wake, kwa hiyo kaa nje ya mstari huo, na wafukuze watazamaji, hasa watoto waliokuja kusagisha.

Gari la gia za mkono: gia ya namba ya juu kabisa, kanyaga breki mpaka mwisho, achia klachi. Itazimika kwa kulemewa. La otomatiki halina njia hiyo, ni hewa tu.

Inaungua nini?

Swali hili linagawa kazi yote mara mbili, na jibu lake ulilipata wakati ule wa kelele kama ulikuwa unatazama. Je, ulipokata dizeli ilizima? Kama ndiyo, tatizo ni dizeli inayotoka kwenye pampu bila udhibiti: gavana, raki (fimbo ya pampu inayoongeza na kupunguza dizeli), skrubu, mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa). Kama iliendelea kunguruma hata bomba lilipofunguliwa, inakula kitu kingine, na karibu kila mara kitu hicho ni oili yake yenyewe.

Moshi nao unasema. Moshi mweusi mzito ni dizeli kupita kiasi. Moshi wa bluu au mweupe mzito wenye harufu ya oili iliyoungua ni oili. Usiuchukulie moshi mweusi peke yake kama ushahidi kamili, kwani ziwa letu la Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na pampu iliyopimwa kwa ajili ya pwani huku inatoa moshi zaidi hata ikiwa salama.

Kama hukuona chochote kwa hofu, angalia sasa ikiwa imezima. Chomoa kijiti cha oili: kimepanda juu ya alama? Kinanuka dizeli? Fungua bomba la hewa: ndani ni pakavu au pamelowa oili? Dakika tano za kazi hii zinaokoa siku nzima ya kufungua pampu bure.

Dalili: imewaka na kupaa papo hapo, kabla hujagusa resi

Hapa ndipo kesi nyingi za baada ya kubadilisha pampu zinapoangukia, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Chukua zile injini za Kichina za silinda moja iliyolala, kama S195 na ndugu zake, zinazosaga mahindi na kuvuta maji ya bustani kandokando ya ziwa. Pampu yake ina mkono mdogo wenye kichwa cha mviringo. Mkono huo ukienda upande mmoja dizeli inaongezeka, upande mwingine inapungua. Ndani ya kifuniko cha gia kuna wenzo wa gavana wenye uma, yaani mdomo wenye mwanya, na kile kichwa cha mviringo kinatakiwa kikae ndani ya mwanya huo. Unapoisukuma pampu kwenye nafasi yake huoni kinachoendelea ndani. Kichwa kikipita pembeni ya uma, pampu inakaa vizuri, bolti zinakaza vizuri, hakuna kinachovuja. Na gavana hana tena habari na pampu. Mkono umebaki pale ulipoachwa. Kama ni upande wa kuongeza, injini ikiwaka inakwenda moja kwa moja juu.

Injini hizi nyingi zina kifuniko kidogo cha kuchungulia karibu na pampu. Mafundi hawapendi kukifungua kwa sababu gasketi yake ya karatasi huchanika. Kifungue. Weka mkono wa pampu katikati, weka wenzo wa resi mahali ambapo uma unakuja usawa wake, ingiza pampu taratibu, kisha tazama kwa tochi kwamba kichwa kimo ndani ya mwanya. Halafu sogeza wenzo wa resi huku na huku ukitazama: mkono wa pampu lazima uufuate. Usipoufuata, toa pampu urudie. Karatasi ya gasketi unaikata mwenyewe kwenye boksi.

Kubota ndogo za silinda mbili au tatu zina mpangilio wa namna hiyo: pini ya raki inaingia kwenye uma wa gavana kupitia tundu ambalo pampu inakalia, na kuna springi ndogo ya kuwashia inayotakiwa kuchomolewa kabla ya kutoa pampu na kurudishwa baadaye. Pini ikikosa uma, ni yale yale.

Pampu ya mviringo, aina ya VE, iliyo kwenye Hiace na Land Cruiser za 1HZ, haina uma wa nje wa kukosea. Gavana yake imo ndani ya pampu. Kwa hiyo ukifunga pampu ya VE iliyotoka kwa fundi pampu na injini ikapaa mara moja, kosa limefanyika kwenye meza yake, si kwako. Ndani mwake kuna kipete kinachoteleza juu ya plunja (kijiti kinachosukuma dizeli), na wenzo wa gavana una pini yenye kichwa cha mviringo inayoingia kwenye tundu la kipete hicho. Pini ikikosa tundu wakati wa kuunganisha, kipete hakina wa kukiongoza. Hili usilitafute ukiwa chini ya gari. Irudishe ipimwe kwenye benchi la kupimia pampu, na usikubali kuambiwa "iwashe tu itajirekebisha yenyewe".

Kuna kosa jingine la VE ambalo hufanywa na dereva mwenyewe au utingo wake. Nyuma ya pampu kuna skrubu ya kiasi cha juu cha dizeli. Watu huiingiza ndani ili gari lipande mlima na mzigo bila kushusha gia. Ukiiingiza kidogo unapata nguvu na moshi. Ukiizidisha sailensi inapanda, gari linachelewa kurudi ukiachia resi, na ukiendelea gavana inashindwa kuipunguza kabisa. Kama sili ya risasi kwenye skrubu imekatwa, umeshajua pa kuanzia. Pia tazama wenzo wa resi juu ya pampu: shafti yake ina meno, na ukirudishwa umeruka meno machache unasimama mahali si pake. Kabla ya kuutoa piga alama kwa patasi.

Dalili: sailensi nzuri, ukipiga resi hairudi

Anza na vitu vya nje, vya bei rahisi. Kebo ya resi imekwama au imefungwa ikivutwa. Springi ya kurudishia imesahaulika chini ya benchi. Wenzo unagusa bomba jipya lililopinda vibaya. Chomoa kebo, sogeza wenzo kwa mkono. Ukirudi wenyewe mpaka mwisho, chanzo kiko ndani.

Kwenye pampu ya mstari, ile yenye plunja moja kwa kila silinda kama za Fuso na Isuzu za zamani, raki ndiyo ya kuchunguza. Toa kifuniko cha pembeni, sukuma raki kwa kidole: inatakiwa kuteleza bila kukwaruza mahali popote. Ikikaza, fikiria umefanya nini karibuni. Je, ulikaza vishikio vya valvu za juu ya pampu kwa sababu vilikuwa vinavuja? Ukivikaza kupita kipimo, silinda ndogo za ndani zinabanwa, plunja inakaza na raki inakwama. Vilegeze na uvikaze upya kwa spana ya kipimo, kwa namba ya kitabu cha pampu hiyo. Kukaza kwa kukadiria ndiko kulikoleta tatizo.

Sababu ya pili ni pampu iliyokaa. Pampu nyingi tunazofunga si mpya. Zimetolewa kwenye injini iliyokufa na zimelala stoo. Dizeli ya zamani inakauka ndani na kuwa gundi, na maji yakiwa yamo, kutu inashika. Pampu ya namna hiyo ikiwa baridi raki inaweza kutembea kwa shida, ikipata moto ikajiachia, au kinyume chake. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huisogeza raki kabla ya kufunga, si baada.

Dalili: Land Cruiser ya zamani, mpira mmoja haujarudishwa

Injini za 2H na B za Toyota, na SD33 ya Nissan, zina gavana ya vakyumu. Nyuma ya pampu kuna daifragimu (utando), na mpira unatoka hapo kwenda kwenye mdomo wa hewa wenye kipepeo (bati la kufungua na kuziba hewa). Kipepeo kikifungwa vakyumu inakuwa kali, inavuta daifragimu, dizeli inapungua. Vakyumu ikikosekana, springi inasukuma raki kwenye dizeli nyingi kabisa. Mpira uliosahaulika, uliopasuka, au daifragimu iliyotoboka inatosha kuipaisha injini nzima.

Ipime ikiwa imezima. Bonyeza wenzo wa kuzimia mpaka mwisho, ziba kwa kidole tundu la mpira kwenye pampu, kisha achia wenzo. Daifragimu nzima itarudi kidogo na kusimama. Iliyotoboka itarudi yote. Hapa tu ndipo naona dukani kunastahili haraka, kwa sababu daifragimu haishonwi wala kubandikwa gundi, hata kama kuna mtu atakuambia alifanya hivyo ikafika Sengerema.

Dalili: imewaka vizuri, imefanya kazi, kisha ikaanza kupanda yenyewe

Hii ni kesi ya oili, na inawachanganya watu kwa sababu pampu imebadilishwa jana, basi lawama zote zinakwenda kwa pampu. Wakati mwingine ina sehemu yake. Pampu inayoendeshwa kwa gia, sili ya shafti yake ya mbele ikivuja, inamwaga dizeli kwenye kasha la gia na kutoka hapo inashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Pampu ndogo ya kuvuta dizeli kwenye tangi nayo inafanya hivyo daifragimu yake ikipasuka. Oili "inaongezeka" bila wewe kuongeza, inakuwa nyepesi, krenki inaipiga na kuifanya povu, na mvuke wake unapita kwenye bomba la kupumulia la injini kuingia kwenye njia ya hewa. Injini inapata dizeli ya pili isiyopitia kwa gavana. Kijiti cha oili kilichopanda na kinachonuka dizeli ndiyo hati ya mashtaka. Mwaga oili yote, badilisha sili, weka oili mpya kwa kipimo. Kuipunguza tu ile ya juu hakusaidii, iliyobaki imeshaharibika.

Chanzo kingine ni cha mashine za kusaga hasa. Injini zile nyingi zina filta ya hewa yenye bakuli la oili chini. Kwa vumbi la huku na unga unaoelea bandani, mwenye mashine anaona oili nyingi ndiyo usafi zaidi, anajaza bakuli mpaka juu. Kuna alama ndani ya bakuli, na ipo kwa sababu: ikizidi, injini inainyonya. Inaanza taratibu, mwendo unapanda, mvuto unaongezeka, inanyonya zaidi.

Kwenye Canter na Fuso zenye turbo, tazama sili za turbo na bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo kwenda kwenye sampu. Likiziba, oili inatafuta njia upande wa hewa. Kama gari lina kipoza hewa mbele ya rejeta, kifungue ukimwage. Oili inaweza kujikusanya humo kwa miezi bila madhara, halafu siku injini inapata pampu nzuri na kuvuta kwa nguvu, inaivuta yote kwa mkupuo mmoja.

Na kwa nahodha wa boti inayopeleka madumu ya petroli visiwani: mvuke wa petroli uliotuama chini ya sakafu, karibu na injini, ukivutwa na hewa ni mafuta tosha. Injini inapanda bila pampu wala oili kuhusika. Hapo suala ni kubwa kuliko injini. Toa madumu, pitisha hewa, ndipo uzungumze na fundi.

Swichi imezimwa, injini haizimi

VE nyingi zina solenoidi (kizibo cha umeme) ya kukata dizeli. Kama haikati, siyo sababu ya kukimbia, ila ndiyo sababu ya kushindwa kuizima. Ichomoe uangalie kama kijiti na springi vimo. Kuna mafundi wanaotoa kijiti pale solenoidi inaposumbua njiani, gari linawaka, dereva anafurahi na kila siku anazima kwa kuachia klachi. Kirudishe.

Yasiyohusika, ingawa yatatajwa

Taimingi, yaani wakati pampu inapotuma dizeli. Shimu (bati nyembamba) za chini ya pampu zikizidi au kupungua, utapata mgongano mkali, moshi mweupe, kuwaka kwa taabu, kukosa nguvu. Hutapata injini inayopaa. Nozo mbovu kwenye injini za kawaida nayo inaleta moshi na kugonga tu. Injini inayopanda na kushuka, kupanda na kushuka, haijakimbia: hiyo ina hewa kwenye dizeli au gavana inayokwaruza.

Magari mapya ya komoni reli ni jambo jingine. Huko kompyuta ndiyo inayopima dizeli, na kubadilisha pampu ya shinikizo hakupandishi mwendo kwenyewe. Likikimbia, tazama oili na injekta inayomwaga.

Kabla ya kuiwasha tena

Injini iliyopaa haiwashwi siku ile ile kwa sababu tu umepata kosa. Fungua kifuniko cha valvu: pushi rodi zilizopinda, springi zilizovunjika, valvu iliyogonga pistoni. Zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili usikie kama kuna kinachokwama. Kagua bolti za koneksheni rodi. Zikiwa zimevutika, zitupe. Flaiwili ifute mafuta uitazame kwenye jua, hasa karibu na kitovu na njia ya ufunguo wake, na nati yake uikaze upya. S195 imetengenezwa kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Ikishapita hapo kwa mbali, chuma hakisahau.

Ndipo ujaribu. Toa filta ya hewa kabisa. Hakikisha raki au mkono wa pampu unakwenda mpaka mwisho wa kupunguza. Weka wenzo wa resi chini. Mwenzako asimame kwenye mdomo wa hewa ameshika ubao, na mkubaliane kabla kwamba ataziba akiona mwendo unapanda, bila kusubiri kuambiwa, kwa sababu kelele ikianza hamtasikilizana. Spana ikae tayari kwenye nati ya bomba. Washa, iache itulie, panda resi kidogo, rudisha. Ikirudi mara zote, panda zaidi kidogo, rudisha. Baada ya robo saa zima, pima oili tena, linganisha na alama ya mwanzo. Ikiwa haijapanda, rudisha filta na ufunge mkanda wa kinu.